Cheti Bila Kazi: Mafunzo ya Ufundi na Ajira kwa Askari wa Zamani wa Afrika ya Mashariki, 1943–1952

Utangulizi

Historia ya askari wa Afrika ya Mashariki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia imeandikwa kwa namna mbili. Ipo historia ya mapigano, inayomfuata askari kutoka Nairobi hadi Uhabeshi mwaka 1941, hadi Madagaska mwaka 1942, na hatimaye hadi misitu ya Burma mwaka 1944. Ipo pia historia ya siasa, inayomsubiri askari huyo bandarini Mombasa na kumuuliza kama amerudi na mawazo ya uhuru. Baina ya hizo mbili kuna swali ambalo askari mwenyewe alilitanguliza na ambalo wanahistoria wameliacha pembeni: atafanya kazi gani?

Makala haya yanachunguza huduma za mafunzo na ajira zilizoandaliwa na serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika kwa ajili ya askari waliokuwa wakiachiwa jeshi, tangu mipango ya mwanzo ya mwaka 1943 hadi miaka ya mwanzo ya 1950. Hoja yangu ni kwamba huduma hizo hazikushindwa kwa sababu ya uhaba wa mafunzo, ingawa mafunzo yalikuwa haba kweli. Zilishindwa kwa sababu jeshi lilikuwa tayari limekwisha kutoa mafunzo, tena kwa makumi ya maelfu ya watu, na uchumi wa kikoloni haukuwa na nafasi ya kuyapokea bila kubadili viwango vyake vya ujira, sheria zake za vitambulisho na mgawanyo wake wa ardhi. Mwalimu wa ufundi hawezi kulaumiwa kwa mambo hayo matatu.

Kuhusu istilahi, natumia "askari wa zamani" kwa wote waliohudumu chini ya Kamandi ya Afrika ya Mashariki, wakiwamo wapagazi, wapishi, wahudumu wa hospitali na vibarua wa vikosi vya kazi ambao hawakupewa bunduki. Katika lugha ya mtaani wengi wao waliitwa "keya", kutokana na herufi za kwanza za jina la Kiingereza la kikosi cha KAR, hata wale ambao hawakuwahi kuwa ndani ya kikosi hicho.

Ufundi uliozaliwa vitani

Kikosi cha KAR kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Hadi mwaka 1939 kilikuwa jeshi dogo la ulinzi wa ndani, lenye vita vichache vya kilimo cha risasi na gwaride nyingi. Vita vilipopanuka, jeshi hilo lilibadilika umbo. Zaidi ya watu 320,000 waliandikishwa katika Afrika ya Mashariki. Kenya pekee ilitoa takribani 98,000, Uganda takribani 77,000 na Tanganyika zaidi ya 80,000. Wengi wao hawakuwa wapiganaji wa mstari wa mbele. Jeshi la kisasa linakula petroli, linavunja magari, linahitaji madaraja, simu za upepo, hospitali za mahema na makarani wa kuhesabu yote hayo. Kwa hiyo vijana waliotoka Ukambani, Usukuma, Nyanza na Unyamwezi walijikuta wakifundishwa udereva, umakanika, uashi, useremala, kutuma na kupokea ishara za mawasiliano, kuchapa taipu na kufunga majeraha.

Mafunzo hayo yalikuwa ya haraka na ya vitendo. Jeshi halikumfundisha seremala kutengeneza kabati; lilimfundisha kutengeneza masanduku, fremu na vitanda vya kambini, kazi ile ile mara mia. Halikumfundisha makanika historia ya injini. Lilimfundisha kuirudisha lori barabarani kabla ya jua kuzama. Ni mafunzo ambayo yangeweza kudharauliwa na mwalimu wa shule ya ufundi, na yalidharauliwa. Hata hivyo, lori lililovuka nyanda za kaskazini ya Kenya hadi Uhabeshi, au lililofuata njia ya matope ya bonde la Kabaw nyuma ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki kuelekea mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944, halikuendeshwa na mtu asiyejua kazi.

Pamoja na ufundi kulikuwa na elimu ya kusoma na kuandika. Kikosi cha elimu cha jeshi kilikuwa na wakufunzi Waafrika waliofundisha kwa Kiswahili, na magazeti ya jeshi, Askari na Heshima, yalisomwa kambini kwa sauti kwa manufaa ya wasiojua kusoma. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha aina ya pekee, kile ambacho wataalamu wa isimu wamekiita KiKAR: lugha ya amri yenye viambishi vilivyopunguzwa, ambayo Mswahili wa Mvita au Unguja angeicheka. Lakini ndiyo iliyomwezesha Mnandi na Mnyasa kutengeneza injini moja wakielewana. Kwa mwajiri wa baadaye, hiyo nayo ilikuwa sifa ya kazi, ingawa hakuna cheti kilichoitaja.

Mpango wa mwaka 1943 na dhana ya shamba

Serikali ya Kenya ilianza kufikiri juu ya ajira za baada ya vita mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1943, kabla hata ya askari wengi kufika Burma, kamati ya serikali ilikwisha kutoa taarifa juu ya ajira ya Waafrika baada ya vita. Dhana kuu iliyotawala fikra za maofisa wa wakati huo ilikuwa nyepesi: askari ametoka shambani, na atarudi shambani. Wengi wangepokelewa na ardhi ya hifadhi za Waafrika na jamaa zao. Wachache wenye ufundi wangetafutiwa kazi katika reli, ujenzi na idara za serikali. Kwa mtazamo huo, mafunzo ya ziada yalikuwa dawa ya wachache na ardhi ilikuwa dawa ya wengi.

Dhana hiyo ilikuwa na kasoro mbili ambazo maofisa wa wilaya walizijua vizuri. Kwanza, ardhi yenyewe haikuwapo. Katika Kiambu, Machakos na Maragoli, mashamba yalikwisha kugawanyika vipande vidogo, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Gavana Philip Mitchell, aliyeanza kazi Kenya mwishoni mwa mwaka 1944, aliiona hifadhi kama tatizo la kilimo linalohitaji matuta na nidhamu. Hakuiona kama makazi ya kuongezea watu maelfu waliokuwa njiani kurudi. Pili, askari hakutaka kurudi shambani kwa masharti yale yale. Robert Kakembo wa Uganda, aliyekuwa mwenyewe jeshini, aliandika kijitabu juu ya matarajio ya askari kilichochapishwa mwaka 1946. Kwa mtazamo wake, mtu aliyevaa viatu, aliyelipwa kila mwezi, aliyesoma gazeti na kuona miji ya India, hangeridhika kwa kuambiwa arudi alikotoka.

Si kwamba Waingereza hawakujua namna nyingine ya kumpokea askari. Walikwisha kuifanya Kenya hiyo hiyo. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi askari Wazungu waliotoka Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba yakagawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi ya ardhi ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Karibu na Kericho walipewa maofisa walemavu eneo la kulima kitani, na walipoanguka kwa sababu bei ya kitani ilianguka, ardhi hiyo ikaingia katika historia ya chai. Wapagazi wa vita hivyo hivyo, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, waliacha nyuma yao majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ukiisoma mipango ya 1943 pamoja na ile ya 1919, huwezi kusema kwamba serikali ya kikoloni haikujua kwamba askari anahitaji mtaji. Ilijua, na ilikuwa na kumbukumbu ya nani alistahili kupewa.

Kabete na Thika

Mahali ambapo huduma za mafunzo zilionekana kwa macho ni Kabete. Shule ya Jeanes ilifunguliwa hapo mwaka 1925 kuwafunza walimu wa kuzunguka vijijini pamoja na wake zao. Wakati wa vita majengo yake yalitumiwa na jeshi kuwaandaa wakufunzi wa elimu ya askari, na baada ya vita yalirudi kwa raia yakiwa na wanafunzi wa aina mpya: watu wazima wenye nishani, waliokuja kufundishwa ustawi wa jamii, uendeshaji wa duka dogo, utunzaji wa hesabu na kilimo bora. Baadhi walikuja na wake zao, kwa kufuata desturi ya zamani ya shule hiyo, na wanawake walifundishwa malezi, ushonaji na usafi wa nyumba.

Ni rahisi kuzidharau kozi hizo, na waandishi kadhaa wamezidharau kama mahubiri ya uraia mwema. Nadhani hukumu hiyo ni kali mno kwa upande mmoja na laini mno kwa upande mwingine. Ni kali mno kwa sababu mtu aliyejifunza kuweka daftari la mapato na matumizi alipata kitu halisi. Vyama vya ushirika na halmashauri za wilaya za miaka ya 1950 vilihitaji watu wa namna hiyo. Ni laini mno kwa sababu inatuficha uchaguzi uliofanywa. Serikali iliweka nguvu zake katika kumfundisha askari wa zamani namna ya kuongoza wengine kijijini, ilhali wengi waliotoka jeshini walikuwa mafundi waliotaka kazi ya ufundi mjini. Kozi ya ustawi wa jamii ilikuwa nafuu, na haikushindana na mtu yeyote. Kozi ya umakanika ingemzalishia makanika wa Kihindi na msimamizi wa Kizungu mshindani.

Kwa upande wa ufundi, Kenya ilikuwa na kituo cha mafunzo ya ufundi cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1924, ambacho kabla ya vita kilifundisha vijana kwa mfumo wa uanagenzi wa miaka kadhaa. Baada ya vita, Thika nako kulikuwa na kituo cha kuwafunza askari wa zamani kazi za mikono, ambacho hatimaye kiligeuka kuwa shule ya ufundi. Vituo hivi vilifundisha uashi, useremala, ushonaji wa nguo, utengenezaji wa viatu na kazi za chuma. Ukivipima kwa watu waliokuwa wakishuka melini, vilikuwa tone la maji katika jangwa. Hata askari aliyepata nafasi alikuta kwamba anaanza tena mwanzo: daraja lake la ufundi la kijeshi lilipimwa upya kwa mtihani wa kiraia, na mara nyingi likashushwa.

Hapa ndipo kiini cha jambo. Jeshi lilimpima fundi kwa kazi aliyohitajiwa kuifanya. Idara ya kazi ilimpima kwa ufundi wote kama unavyoelezwa katika kitabu. Mwashi aliyejenga mabanda ya kijeshi kwa miaka minne alishindwa kwa sababu hakuwahi kujenga tao wala kusoma ramani ya nyumba. Kitaaluma, mpimaji hakukosea. Lakini matokeo ya kipimo hicho yalikuwa ya kiuchumi. Daraja lililoshushwa lilikuwa ujira ulioshushwa, na mwajiri aliyemchukua mwashi huyo kama kibarua alipata ufundi wake wa miaka minne kwa bei ya ukibarua. Mpango mfupi wa kujaza mapengo, wiki kadhaa za kusoma ramani kwa mtu ambaye tayari anajua kupanga tofali, ungekuwa nafuu kuliko kumfundisha kijana asiyejua lolote. Haukuwa jambo lililopewa kipaumbele.

Dereva, utingo na kipande

Kundi lililoumia zaidi lilikuwa la madereva. Jeshi liliwazalisha kwa wingi kuliko fundi wa aina nyingine yoyote, kwa sababu vita vile vilikuwa vya malori. Magari ya kiraia yalikuwa machache, petroli ilikuwa bado kwa mgawo, na leseni ya jeshi haikumpa mtu haki ya kuendesha gari la mfanyabiashara bila kupimwa tena. Dereva aliyewahi kuongoza msafara alijikuta akipewa kazi ya utingo, kupanda nyuma ya lori, kufunga turubai na kuweka jiwe chini ya gurudumu mlimani.

Idara ya Kazi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1940, ilifungua ofisi za kuandikisha watafuta kazi ili kuwaunganisha askari wa zamani na waajiri. Wazo lilikuwa jema. Ofisi ya namna hiyo hufanya kazi pale mwajiri anapotafuta mtu mwenye sifa fulani, na mwenye sifa anapomtafuta mwajiri. Katika Kenya ya 1946, mwajiri mkubwa alikuwa mwenye shamba aliyetaka vibarua wa bei ndogo, wakati aliyesimama dirishani alikuwa mtu aliyekataa ukibarua. Ofisi ilikuwa na nafasi nyingi na watu wengi, na hivyo viwili havikukutana. Maofisa wa wakati huo walilijibu jambo hili kwa kulalamikia kiburi cha askari wa zamani. Mimi ninaliona kama taarifa sahihi kuhusu soko la kazi, iliyotolewa na watu waliokuwa wamekwisha kulipwa vizuri zaidi mahali pengine.

Juu ya hayo kulikuwa na kipande. Chini ya sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, katika kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Jeshini askari alikuwa na kitabu chake cha malipo, chenye cheo na sifa zake. Alipovua sare alirudishiwa kikopo. Kipande kilieleza alikoajiriwa na ujira aliolipwa, na kwa hiyo mwajiri mpya aliweza kumwekea ujira kwa kutazama wa mwisho wa kiraia, ule wa mwaka 1938 au 1939, kana kwamba vita havikuwapo. Mfumo huo ulibadilishwa mwaka 1947 kwa kuandikisha watu wa rangi zote, na malalamiko ya askari wa zamani yalikuwa sehemu ya shinikizo hilo. Kwa wale walioachiwa mwaka 1945 na 1946, miezi ile ya kwanza ambayo mtu hutafuta kazi ilikwisha kupita.

Kongwa: shule isiyokusudiwa

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Huko serikali ilikuwa maskini zaidi, na mipango yake rasmi ilijikita katika kujenga nyumba za ustawi wa jamii mijini ambamo askari wa zamani wangekutana, kusoma magazeti na kupata elimu ya jioni. Kazi iliyokuwapo kwa wingi ilikuwa ya mkonge, na kazi ya mkonge ilikuwa ya manamba: mkataba, kambi, na kipimo cha majani ya kukata kwa siku. Wakati wa vita serikali ilikwisha kuwalazimisha watu kufanya kazi mashambani, na askari aliyerudi Unyamwezi hakuwa na sababu ya kuipenda ajira ambayo jirani yake alipelekwa kwa nguvu.

Kisha ukaja mpango wa karanga. Ulipendekezwa mwaka 1946 kwa lengo la kuipatia Uingereza mafuta ya kula, na ulikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kushindwa kwake kunajulikana: trekta zilizonunuliwa kutoka mabaki ya vita, udongo wa Kongwa uliokauka kama saruji, mvua isiyoaminika, na hasara ya takribani pauni milioni 36 kabla ya kuachwa mwezi wa Januari 1951. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kwa miaka mitatu Kongwa ilikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote wa ufundi wa askari wa zamani nchini. Jeshi la zamani lilikutana pale na mitambo ya jeshi la zamani. Wasimamizi wengi walikuwa maofisa waliotoka vitani, na madereva, makanika, wapishi na makarani wengi walikuwa wametoka katika vikosi hivyo hivyo.

Wakosoaji wa wakati huo waliwalaumu madereva Waafrika kwa kuharibika kwa trekta, na lawama hiyo imerudiwa vitabuni mno. Haina budi kusomwa kwa tahadhari. Kufikia mwishoni mwa msimu wa kwanza, mwaka 1947, trekta nyingi zilizoletwa zilikuwa zimesimama, lakini zilifika zikiwa chakavu, bila vipuri vya kutosha wala karakana iliyokamilika, na zilitumwa kung'oa visiki vya miti katika udongo ambao hazikuumbiwa. Dereva wa lori la Burma hakuwa dereva wa trekta nzito, alihitaji mafunzo. Mafunzo yalitolewa, lakini yaliharakishwa ili kufuata ratiba ya ekari iliyopangwa London. Mtu alifundishwa leo, kesho akapewa mtambo.

Pamoja na hayo yote, Kongwa iliwapa watu kitu ambacho Kabete haikuwapa: kazi ya mshahara inayofanana na ufundi wao. Iliwapa pia uzoefu wa kudai. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wa mwezi wa Septemba 1947 ulisambaa kando ya Reli ya Kati, na Kongwa nayo ikagoma. Mpango ulipofungwa, mafundi hao walitawanyika katika karakana za miji, kampuni za usafirishaji na migodi. Hakuna aliyewahi kuuita mpango wa karanga huduma ya ajira kwa askari wa zamani, na haukukusudiwa kuwa hivyo.

Kiinua mgongo na duka

Njia iliyobaki ilikuwa biashara. Kila askari aliyeachiwa alipata kiinua mgongo na akiba yake ya jeshini, na wengi walitaka kukitumia kununua lori, kufungua duka au kujiunga na wenzao katika kampuni. Ukubwa wa kiinua mgongo hicho ulitegemea cheo, muda wa utumishi na rangi. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza waraka wa serikali ya Uingereza unaoonyesha kwamba askari Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika. Kwa wanahistoria jambo hilo halikuwa jipya, lakini kiwango cha tofauti kinasaidia kueleza mambo yaliyofuata. Biashara nyingi za askari wa zamani zilianza zikiwa na mtaji usiotosha hata mwaka mmoja wa hasara. Sheria za kikoloni ziliwazuia wafanyabiashara kumkopesha Mwafrika zaidi ya kiasi kidogo, kwa kisingizio cha kumlinda dhidi ya madeni. Leseni za usafirishaji ziligawiwa kwa uangalifu ili zisishindane na reli na makampuni yaliyokuwapo. Duka la askari wa zamani lilifunguliwa katika soko la kijiji pamoja na maduka mengine manne ya askari wa zamani, yote yakiuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa wateja wale wale.

Ulinganisho na Marekani unafaa hapa, mradi usifanywe kwa pupa. Sheria ya Marekani ya tarehe 22 Juni 1944 ilimpa askari haki ya masomo, mafunzo ya kazi, posho ya kukosa kazi na dhamana ya mkopo, na karibu watu milioni 8 wa vita hivyo walitumia kipengele cha elimu na mafunzo. Tofauti kubwa haikuwa fedha peke yake. Marekani ilimpa askari haki inayomfuata shuleni au kiwandani anakochagua. Kenya ilimpa nafasi katika kituo kama kilikuwapo na kama ofisa alimpendekeza. Hata hivyo, huko Marekani haki hiyo ilipopita mikononi mwa maofisa wa majimbo na mabenki, askari Weusi waliachwa nje: katika jimbo la Mississippi, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa hadi mwaka 1947, miwili tu ilikwenda kwa Weusi. Kwa hiyo mfano wa Marekani unatuonya tusidhani kwamba sheria nzuri ingetosha Kenya, endapo utekelezaji wake ungebaki kwa wakuu wa wilaya wale wale.

Swali la siasa

Wanahistoria wamegawanyika kuhusu mchango wa askari wa zamani katika siasa za uhuru. O. J. E. Shiroya ameupa uzito. Timothy Parsons ameupunguza, akionyesha kwamba wengi walirudi kimya kwenye maisha yao na wengine wakawa nguzo za utawala. Ghana mara nyingi hutolewa kama ushahidi, kwa sababu ya maandamano ya askari wa zamani yaliyopigwa risasi Accra tarehe 28 Februari 1948. Nadhani mjadala huu ungenufaika kama ungeuliza kwanza nani alipata kazi gani.

Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo Burma na baadaye akajulikana kama Jenerali China, alirudi akafanya kazi ya kuchochea moto katika garimoshi la reli. Bildad Kaggia, aliyehudumu Mashariki ya Kati na Uingereza, alirudi akawa karani wa benki. Hao wawili walikuwa na ajira, tena ajira ambazo wengi wangezitamani. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ukosefu wa kazi ulizaa uasi. Kilichoonekana wazi kwao ni kimo cha dari: karani hangekuwa msimamizi, na mchochea moto hangekuwa dereva wa garimoshi, hata angejua kazi kiasi gani. Kwa upande mwingine, katika mgomo mkuu wa Mombasa wa mwezi wa Januari 1947 na katika kundi la vijana wa Nairobi walioitwa Anake a Forty, ambamo askari wa zamani walikuwamo, tunakutana na waliokosa hata hiyo dari ya kugusa. Na wapo wengi zaidi, hasa Wakamba na watu wa Bonde la Ufa, waliorudi jeshini au kuingia polisi, kwa sababu serikali ilikuwa mwajiri pekee aliyetambua cheti chao bila kukipima upya. Dharura ilipotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, askari wa Burma walikuwapo pande zote mbili za msitu.

Shule za ufundi za miaka ya 1950 zilirithi baadhi ya majengo na vifaa vya enzi hiyo. Ifunda, ambako wakimbizi wa Kipolandi walitunzwa wakati wa vita, palifunguliwa shule ya ufundi ya Tanganyika mwaka 1951, na Thika na Kabete ziliendelea kutoa mafundi hadi baada ya uhuru. Ili kuingia Ifunda, mwombaji alihitaji kuwa kijana aliyemaliza darasa la nane. Seremala wa kambi za Burma, aliyekuwa sasa na umri wa miaka thelathini na zaidi na aliyejifunza kusoma kwa kufuatisha gazeti la Askari, hakuwa na darasa la nane la kuonyesha.